Msimu wa matufaha Michigan: namna ya kuchuma, kununua na kutunza

Kaskazini ya jiji la Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, kuna ukanda wa vilima ambao wenyeji wanauita The Ridge. Ukitoka mjini kwa gari, kama nusu saa hivi umefika Sparta, na kutoka hapo ni mashamba ya matufaha kushoto na kulia hadi Kent City na kuendelea. Mengi ni ya familia. Babu alipanda, mjukuu anavuna, na mbele ya nyumba, kando ya barabara, kuna kibanda wanapouza walichochuma asubuhi ileile.

Grand Rapids na Kentwood pia ni makazi ya familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo. Wengi wetu tunaendelea kununua matufaha dukani, yaliyopakwa nta, wakati shamba liko hapo nyuma ya kilima. Ninaandika kwa ajili yao. Aliye New York, Maine au Ohio naye atapata mengi ya kumfaa, kwa kuwa majina ya aina na utaratibu wa shambani havitofautiani sana.

Siri ya msimu huu ni kwamba kila aina ya tufaha ina wiki yake na kazi yake. Anayelijua hilo hununua kidogo kidogo kuanzia mwisho wa Agosti, na Krismasi ikifika bado ana matufaha magumu, yenye maji, ndani ya friji. Asiyelijua hufuata rangi nyekundu, akabeba kapu zima la aina isiyokaa, na baada ya wiki tatu anatupa.

Hatua ya 1: Jua ni wiki ya tufaha gani

Watu husema "msimu wa matufaha" kana kwamba ni siku moja. Kwenye The Ridge msimu unaanza mwisho wa Agosti na kumalizika mwisho wa Oktoba, na katika miezi hiyo aina zinapokezana. Tarehe husogea wiki moja mbele au nyuma kulingana na joto la mwaka huo, lakini mpangilio wa nani anatangulia nani haubadiliki.

Wa kwanza kuja ni Paula Red, mwisho wa Agosti. Hili ni tufaha la nyumbani kabisa: mti wake wa kwanza uligunduliwa hapohapo Sparta na mkulima Lewis Arends katika miaka ya 1960, naye akaupa jina la mkewe, Pauline. Lina uchachu mzuri na linanukia, ila halikai. Nunua la kula wiki hiyo, basi.

Septemba ikifika katikati wanaingia Gala, McIntosh na Honeycrisp. Gala ni tamu, dogo, na watoto hawaligombi. McIntosh lilianzia Kanada, kwenye shamba la John McIntosh huko Ontario mwaka 1811. Nyama yake ni nyeupe na laini, ukilipika linayeyuka lote, kwa hiyo hakuna tufaha bora kwa kutengeneza rojo. Honeycrisp ndilo linalofanya watu wapange foleni. Lilitolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, na sifa yake iko kwenye meno: ukiliuma linakatika kwa mlio na maji yanajaa mdomoni. Ni ghali kuliko mengine yote, na kuna sababu. Mti wake ni mgumu kulea, na tunda lenyewe huota madoa meusi yenye uchungu chini ya ganda mti usipopata kalisi ya kutosha. Mkulima anatupa mengi ili akuuzie mazuri.

Mwisho wa Septemba ni zamu ya Empire na Jonathan. Empire ni mtoto wa McIntosh na Red Delicious, lilitolewa kituo cha utafiti cha Geneva, New York, mwaka 1966. Mimi naliona ndilo tufaha linalodharauliwa bila haki. Bei yake ni ya kawaida, ni tamu lenye uchachu kidogo, linakaa vizuri, na halichubuki ovyo kama McIntosh. Mtu akiniuliza achukue nini kwa sanduku la chakula la mtoto wa shule, namwambia Empire.

Mwanzo wa Oktoba utakuta Golden Delicious, Jonagold na Red Delicious, na nyuma yao Ida Red. Halafu katikati hadi mwisho wa Oktoba ndipo yanapokuja matufaha ya kuweka: Northern Spy na Fuji. Northern Spy ni la zamani sana, lilianzia East Bloomfield, New York, mnamo mwaka 1800 hivi. Halina sura ya kuvutia, lina michirizi na wakati mwingine limepinda, lakini ndilo wapishi wa huku wanalolisubiri mwaka mzima kwa sababu halivunjiki kwenye moto. Ukiliweka vizuri, linavuka hadi mwaka mpya.

Nunua basi hivi: ya mwanzo kwa kula mara moja, ya kati kwa kula na kupika, ya mwisho kwa kuweka. Tufaha lililokomaa mapema huchakaa mapema, na lililochukua muda mrefu mtini huvumilia muda mrefu kwenye baridi.

Pengine utajiuliza kwa nini yote haya yamejazana kwenye vilima hivi na si kwingine. Ziwa Michigan liko magharibi, kiasi cha kilomita 40. Masika ya huku yanapoanza, maji ya ziwa bado ni baridi sana, na upepo unaotoka huko huchelewesha miti kuchanua, ili maua yasifunguke kabla jalidi haijaisha. Usiku wa baridi, hewa nzito huteremka kutoka vilimani na kutulia mabondeni, na miti iliyo juu inapona. Kinga hiyo huwa haitoshi kila mwaka. Machi 2012 kulikuwa na joto lisilo la kawaida, miti ikaamka mapema, kisha Aprili jalidi ikapiga mara kwa mara, na Michigan ikapoteza karibu asilimia 90 ya matufaha yake. Ukikuta bei imepanda au aina fulani haipo, uliza tu kwa upole majira ya kuchipua yalikuwaje. Mwenye shamba atakueleza, na utajua kwamba hakuamka akaamua kukupandishia.

Hatua ya 2: Piga simu kwanza

Siku ya Jumamosi nzuri ya Oktoba, safu nzima ya Honeycrisp inaweza kwisha kabla ya adhuhuri. Piga simu asubuhi, au angalia ukurasa wao, uliza maswali matatu: leo mnachuma aina gani, wateja wanaruhusiwa kuchuma wenyewe au mnauza kibandani tu, na mnapokea malipo ya namna gani. Ukiweza, nenda siku ya kazi. Utapata nafasi ya kuegesha gari na mtu wa kuzungumza naye.

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Asubuhi ya Oktoba majani yamelowa umande na njia za katikati ya miti zina tope, kwa hiyo gambuti za watoto zina kazi siku hiyo. Vaa nguo za tabaka, maana saa mbili asubuhi utatetemeka na saa saba mchana utavua koti. Beba maji, taulo na makasha magumu ya kubebea matunda garini. Mfuko laini wa plastiki unapondaponda matufaha njiani.

Mwenye mtoto anayepata shida akiumwa na nyuki achukue dawa yake. Matunda yaliyoanguka chini yanavuta nyigu wa manjano, na mwezi wa Septemba wako wengi.

Hatua ya 3: Chuma bila kuumiza mti

Mashamba ya kisasa yatakushangaza ukiwa umezoea miembe. Miti ni mifupi, imepandwa karibukaribu na kufungwa kwenye waya kama ukuta, na matunda mengi mtu mzima anayafikia akiwa amesimama. Hii ni kwa sababu kila mti umebebeshwa, yaani kijiti chake kimeunganishwa, juu ya shina la aina fupi. Mizizi yake ni midogo, haishiki ardhi kama mwembe, na ukiupanda au kumwacha mtoto aning'inie unaweza kuung'oa pamoja na waya. Kwenye mashamba ya zamani bado kuna miti mikubwa. Huko tumia ngazi pale tu mwenye shamba amekuruhusu.

Sasa mkono. Shika tufaha kwa kiganja, si kwa ncha za vidole, kwa maana vidole huacha alama za kuponda ambazo utaziona kesho yake. Liinue kuelekea juu ukilizungusha kidogo. Lililoiva linaachia lenyewe, kikonyo kikiwa kimebaki kwenye tunda. Usilivute chini. Ukilivuta, tawi zima linatikisika na mengine yanaanguka. Baya zaidi, unaweza kukwanyua kile kijitawi kifupi chenye vifundo kilichobeba tunda. Humo ndimo lilimo chipukizi la ua la mwaka ujao, ambalo mti umeshalitengeneza tangu kiangazi. Kukivunja ni kuchuma mavuno ya miaka miwili kwa mara moja.

Kama haliachii, liache. Halijawa tayari.

Namna ya kujua lililoiva ni kutazama rangi iliyo chini ya wekundu, karibu na kikonyo. Ikiwa bado ni kijani kibichi, subiri. Ikiwa imegeuka kuwa ya manjano hafifu, chuma. Wekundu wenyewe unadanganya: unatokana na jua na usiku wa baridi, na tufaha linaweza kuwa jekundu kote na bado lina wanga badala ya sukari. Wakulima hupima kwa kulikata na kulipaka iodini, na penye wanga panageuka buluu nyeusi. Wewe huna haja ya iodini. Kata moja, tazama mbegu. Zikiwa za kahawia iliyokolea, aina hiyo imekomaa. Zikiwa nyeupe, nenda safu nyingine. Matunda ya nje na juu, yanayopata jua, huiva kabla ya yale ya ndani.

Yaweke matufaha kwenye mfuko, usiyatupe. Ukisikia "pu!" ujue umeshalijeruhi, na jeraha la leo ni uozo wa wiki mbili zijazo. Wachumaji wa kazi hufunga mfuko mgumu kifuani wenye tako la kufunguka, wakauinamisha ndani ya kreti kubwa la mbao na matunda yakateleza taratibu bila kuanguka. Wengi wao ni wafanyakazi kutoka Meksiko na nchi nyingine wanaokuja kwa msimu. Mkikutana nao safuni, salimianeni, na wapisheni wapite na ngazi zao. Wako kazini tangu alfajiri.

Adabu nyingine za shamba ni hizi. Kaa kwenye safu ulizoelekezwa, kwa sababu nyingine huenda zimepuliziwa dawa juzi au zinasubiri wiki yake. Kuonja tufaha moja la aina usiyoijua kwa kawaida hakuna neno, ila uliza kwanza. Kula hadi kushiba halafu kulipia mfuko mdogo ni kuila riziki ya familia hiyo. Watoto wasirushiane matunda. Yaliyo chini yaacheni chini: kulungu hupita usiku na kuacha kinyesi, na tunda lililogusa udongo huo linaweza kubeba vijidudu hatari.

Hatua ya 4: Kibandani, jua vipimo na uliza daraja la pili

Vipimo vya huku ni busheli na peki. Busheli moja ya matufaha ni kama kilo 19. Nusu busheli ni kilo 9 na nusu hivi, na peki, ambayo ni robo ya busheli, haifiki kilo 5. Familia ya watu watano inayokula matufaha kila siku, peki moja ni ya wiki. Ukitaka kupika na kuweka akiba, chukua nusu busheli kwa wakati, usikimbilie busheli nzima kwa sababu tu bei ya kilo imeshuka.

Kisha uliza kama kuna daraja la pili. Kwenye vibao vya huku utaona limeandikwa "seconds" au "utility". Ni matufaha yaliyopigwa na mvua ya mawe, yenye kovu la tawi, yaliyopinda, au yasiyoshika rangi upande mmoja. Ladha ni ileile. Mara nyingi bei ni nusu ya daraja la kwanza au chini ya hapo, na kwa kupika huna sababu ya kununua mengine. Kwa familia ya mkulima nayo ni msaada mkubwa, kwani tufaha lenye kovu likipelekwa kiwandani kwa kukamuliwa humletea pesa kidogo sana. Wewe ukilinunua kibandani, nyote wawili mmepata. Tofautisha tu kovu na jeraha: kovu ni kavu na gumu, haliendelei. Jeraha ni laini, lina maji, nalo linaoza.

Usiogope ukungu mweupe juu ya ganda ambao ukiufuta kwa shati tunda linang'aa. Hiyo ni nta ambayo tufaha hujitengenezea lenyewe ili lisikauke. Usiifute mpaka wakati wa kula.

Baadhi ya vibanda havina muuzaji. Utakuta meza, mifuko iliyopimwa, bei imeandikwa kwenye ubao, na kisanduku cha chuma chenye tundu la kutumbukiza noti. Hapo chukua unachotaka, weka pesa kamili, ondoka. Beba noti ndogo, maana hakuna wa kukurudishia chenji. Wafundisheni watoto kutumbukiza pesa hizo kwa mikono yao wenyewe. Familia ile imeweka mali yake barabarani ikiwaamini watu isiowajua, na vibanda vya namna hii hufungwa pale wachache wanapoanza kuchukua bila kulipa.

Kuhusu malipo, kuna jambo ambalo wengi waliofika karibuni hawalijui. Vibanda vingine vya shambani na masoko ya wakulima hupokea Bridge Card, ile kadi ya msaada wa chakula ya Michigan. Baadhi viko kwenye mpango wa Double Up Food Bucks, ulioanzia Detroit mwaka 2009, ambao hukuongezea pesa za matunda na mboga unapotumia kadi hiyo. Wenye watoto wadogo walio kwenye WIC, mpango wa serikali wa lishe kwa wajawazito na watoto wadogo, waulize kliniki yao kuhusu kuponi za Project FRESH, ambazo ni za mazao ya Michigan kwenye masoko ya wakulima na vibanda vilivyoidhinishwa. Kuponi hizo zina mwisho wa kutumika, na msimu wa matufaha ndio huo unaokaribia mwisho. Usione haya kuuliza. Pesa hiyo inakwenda moja kwa moja kwa mkulima.

Hatua ya 5: Juisi ya kibandani

Karibu kila shamba litakuuzia juisi ya matufaha yaliyosagwa na kukamuliwa, isiyochujwa, ya rangi ya kahawia. Huku inaitwa "cider", na ya kawaida haina kilevi. Lakini chupa ikiandikwa "hard cider", hiyo imechachushwa na ni pombe. Kwa Waislamu na wengine wasiokunywa, na kwa wanaonunulia watoto, soma kibandiko kila mara, kwa sababu mashamba mengine huuza zote mbili kwenye kaunta moja.

Soma pia kama imepashwa moto au kupitishwa kwenye mwanga wa kuua vijidudu. Mwaka 1996 juisi ya matufaha isiyopashwa moto, yenye bakteria wa E. coli, iliua mtoto na kuwafanya watu wengi waugue magharibi mwa Marekani na Kanada, na tangu hapo chupa za juisi isiyotibiwa lazima ziwe na onyo. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wasiinywe hiyo mbichi. Ukiwa nayo nyumbani, ichemshe, tia kijiti cha mdalasini, iliki mbili zilizopondwa na kipande cha tangawizi. Jioni ya Oktoba hakuna kinywaji kinachoishinda.

Pembeni yake watauza donati zilizokandwa kwa juisi hiyo, zikakaangwa na kuviringishwa kwenye sukari na mdalasini. Ni ndugu wa maandazi. Nunua zikiwa moto.

Hatua ya 6: Kuyaweka yasiharibike

Tufaha likishachumwa bado linapumua. Kwenye joto la sebuleni linalainika haraka mara kadhaa kuliko kwenye baridi inayokaribia nyuzi 0 za Selsiasi. Lile bakuli zuri la matunda mezani ndilo linaloyageuza kuwa ya unga ndani ya wiki. Mezani weka ya kula leo na kesho, mengine yote friji.

Usiyaoshe kabla ya kuyaweka. Yachambue kwanza: yenye kikonyo kilichong'oka, yenye tundu la mdudu na yenye jeraha tenga upande, yapike wiki hiyo. Mazima yaingie kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa matundu machache, kisha kwenye droo ya chini ya friji. Mfuko unazuia yasikauke na kunyauka, matundu yanatoa unyevu uliozidi. Kila wiki pitisha macho na mkono. Samaki mmoja akioza wameoza wote, na kwa matufaha hali ni hiyohiyo: lililooza linatoa ukungu na gesi inayoharakisha mengine.

Gesi hiyo inaitwa ethilini, na inafaa uifahamu. Usiweke matufaha droo moja na mchicha, sukumawiki, brokoli au matango, kwani mboga hizo zitageuka manjano mapema. Karoti nazo huwa chungu. Ila gesi hiyohiyo inaweza kukutumikia. Una ndizi mbichi au parachichi gumu kama jiwe? Litie ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na tufaha moja lililoiva, funga, acha jikoni siku mbili tatu.

Kwa nusu busheli ya Northern Spy au Ida Red ambayo friji haina nafasi nayo, gereji ya Novemba inafaa, mradi iwe na baridi isiyofikia kugandisha. Funga kila tufaha kwa kipande cha gazeti, panga kwenye kasha, funika kwa blanketi kuukuu, na uweke kipimajoto pembeni. Chini ya nyuzi 2 za baridi kupita sifuri tunda linaganda, na likiyeyuka linakuwa teketeke. Januari ya Michigan haina msamaha, hivyo kabla ya hapo yawe yameshaingia ndani.

Hatua ya 7: Jikoni

Rojo ndiyo njia ya haraka ya kumaliza daraja la pili. Changanya aina mbili au tatu: McIntosh kwa ulaini, Golden Delicious kwa utamu, Jonathan au Ida Red kwa uchachu. Kilo moja na nusu itakupa kama lita moja. Osha, kata vipande vinne, toa moyo, acha maganda kama una chujio la kuzungusha kwa mkono, la sivyo menya. Tia maji vikombe viwili tu chini ya sufuria ili yasishike, funika, moto mdogo, koroga. Dakika 20 hivi yanavunjika. Ponda, onja, na ndipo uamue kama inahitaji sukari. Mara nyingi haihitaji. Inaliwa na chapati, inatiwa kwenye uji wa mtoto, inakaa friji wiki moja na kwenye jokofu la kugandisha miezi mingi.

Ukitaka kuweka kwenye chupa za kioo za kufungia, jaza ikiwa inachemka, acha nafasi ya sentimita moja na robo juu, futa mdomo, funga kifuniko kipya, kisha chemsha chupa zikiwa zimezama ndani ya maji: dakika 15 kwa chupa ya nusu lita, dakika 20 kwa chupa ya lita moja. Vipimo hivyo ni vya sehemu iliyo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, kama Grand Rapids. Usipunguze dakika.

Achari ya matufaha ni yetu kabisa, na Northern Spy limeumbwa kwa ajili yake. Kilo moja ya matufaha, menya, kata vipande vidogo. Kaanga kitunguu kikubwa, tangawizi ya kusaga, kitunguu saumu na pilipili kadiri ya mwenyewe. Tia bizari nzima kijiko kidogo, mdalasini, chumvi, siki nusu kikombe na sukari gramu 200. Mimina matufaha, pika hadi mchuzi ushike na vipande bado vinaonekana. Weka kando ya pilau au nyama ya kuchoma. Kwenye friji inakaa wiki tatu bila tatizo.

Kukausha hakuna kazi. Kata duara za unene wa nusu sentimita, zichovye kwenye maji yenye ndimu zisibadilike rangi, panga kwenye waya ndani ya oveni ya nyuzi 60, mlango uwe wazi kidogo, kwa saa 6 hadi 12. Zimekuwa tayari ukiikunja moja nayo ikakunjika bila kukatika, na ukiichana usione unyevu wowote. Ziache zipoe kabisa kabla ya kufunga, la sivyo zitaota ukungu.

Mbegu zake msihangaike kuzipeleka nyumbani kupanda. Mbegu ya Honeycrisp haizai Honeycrisp. Inazaa mti mwingine kabisa, mara nyingi wa matunda madogo na machungu, kwa hiyo kila mti wa aina hii duniani umetokana na kubebesha kijiti. Isitoshe, aina za Michigan zinataka miezi ya baridi kali ili zichanue. Ndugu walio Lushoto au Makete wanaotaka matufaha watafute miche iliyobebeshwa ya aina zisizodai baridi nyingi, kama Anna.

Hatua ya 8: Rudi kabla kibanda hakijafungwa

Vibanda vingi hupunguza siku za kazi baada ya Oktoba, na vingine hufunga wiki ya sikukuu ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba. Wiki moja kabla ya hapo piga simu tena. Uliza kama kuna Northern Spy, Ida Red au Fuji yaliyobaki kwenye chumba cha baridi. Mara nyingi wenye shamba hupunguza bei ili wamalize, na hayo ndiyo matufaha yatakayofika Februari. Nenda na makasha yako yaleyale, na mrudishieni mkulima vikapu vyake mlivyochukua Septemba, maana vinamgharimu na anavihitaji mwakani.